Uzi: Saa za mkononi zenye mshale wa nne, kwa sisi wenye ndugu Muscat, London na Toronto

Tiketi_Malindi (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Kwenye uzi wa saa za mtumba kuna swali linarudi kila mara: zile saa zenye mshale wa nne ni za nini? Majibu yanakuwa ya bei, ya jina la kampuni, na nani kauziwa feki. Mwenye swali anaondoka kama alivyokuja. Mie kazi yangu ni kukata tiketi za ndege hapa Malindi ya Unguja, kutwa nashughulika na saa za miji ya watu, na saa ya aina hii ndiyo ninayoivaa. Nimeona tuufungulie uzi wake. Mwenye swali aulize, mwenye ujuzi kuliko mimi aongeze.

Saa ya kawaida ina mshale wa saa, wa dakika na wa sekunde. Hizi zinaongeza mmoja, mara nyingi una rangi yake peke yake, mwekundu au wa chungwa, na ncha yake ni pembetatu. Mshale wa saa tuliouzoea huzunguka uso mara mbili kwa siku. Huu wa nne huzunguka mara moja tu kwa saa 24, ndiyo maana unasomwa kwenye namba 1 mpaka 24 zilizochorwa pembezoni, ama kwenye ile pete ya nje inayozungushwa, bezeli. Dakika zake ni zile zile za mshale mrefu.

Tuchukue mfano. Hapa Unguja ni saa 3 usiku, mshale wa saa uko kwenye 9. Ndugu yako yuko Toronto na mwezi ni Januari. Wakati huo Toronto iko nyuma yetu kwa saa 8, basi mshale wa nne utakuwa kwenye 13. Hiyo 13 haina ubishi, ni saa 7 mchana. Ungekuwa umevaa saa mbili za kawaida, ya pili ingekuonesha 1 tu, ukabaki kujiuliza ni ya mchana au ya usiku. Na simu ya usiku wa manane kutoka nyumbani humtisha mtu wa ughaibuni kabla hajaipokea.

Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington na kukubaliana mstari wa Greenwich uwe sifuri ya longitudo. Hapo ndipo dunia ikazoea kupimwa kwa kanda, kila nyuzi 15 saa moja. Ndege za masafa marefu zilipoanza kuvuka kanda nyingi kwa safari moja, marubani wakahitaji kuona saa ya Greenwich na saa ya waliko kwa mtazamo mmoja. Katikati ya miaka ya 1950 Rolex wakatoa GMT-Master (hiyo GMT ni kifupi cha saa ya Greenwich) wakishirikiana na shirika la ndege la Pan Am, na pete yake nyekundu na buluu ndiyo inayoigwa mpaka leo. Kabla yao kidogo, mwaka 1953, Glycine walikuwa wameshatoa Airman, ambayo uso wake wote ni wa saa 24.

Msimamo wangu nauweka mapema: kama weye ndiye uliyebaki nyumbani na wenzio ndio waliotawanyika, saa inayokufaa ni ile ya aina rahisi, na usikubali kutozwa zaidi. Nitaeleza kwa nini.

KijanaWaChake

Dada, kwani simu haioneshi hayo yote? Mie nimeweka London na Muscat kwenye simu, natizama tu.

Tiketi_Malindi

Inaonesha, na sina ugomvi na simu. Hata mimi inapofika miezi ya kubadilisha saa Ulaya na Marekani nahakikisha kwa simu kwanza. Ila angalia unavyoitumia: unaitoa mfukoni, unaiwasha, unatafuta, na hapo umeshaona ujumbe wa watu watatu na lile ulilolitaka limekutoka. Mie nimekaa na mteja mbele yangu, mkono mmoja umeshika pasipoti yake, mwengine uko kwenye kibodi. Natupa jicho mkononi nimeshajua ofisi ya Muscat imefunguliwa au bado.

Na kuna jambo la safarini. Simu ikizimwa ndani ya ndege inabaki na saa ya ulikotoka. Ukiiwasha unakoshuka, mara nyingine inachukua muda kushika mtandao, na hapo ndipo mtu anapotakiwa kukimbilia ndege ya kuunganisha. Watu wangu wa Pemba wanaounganisha safari mara mbili tatu nawashauri wavae saa, hata ya bei ndogo.

BintiWete

Ahsante kwa uzi. Sasa hiyo aina rahisi na aina ghali zinatofautianaje? Nimeona mbili dukani Darajani, sura moja, mishale minne zote, lakini bei ni mbingu na ardhi.

Tiketi_Malindi

Hili ndilo wauzaji wengi hawalisemi, na ndilo la kuuliza kabla ya rangi na mkanda.

Vuta kile kifungo cha pembeni, cha kutilia ufunguo, hatua moja tu. Kizungushe taratibu utazame kinachosogea.

Ukiona unaoruka saa moja moja ni ule mshale wa nne, na mishale mingine imetulia, hiyo ni saa ya mkaaji. Mishale mikuu inabaki Unguja, wa nne unaupeleka popote ndugu zako waliko. Seiko 5 GMT zilizotoka mwaka 2022 ni za namna hii, na nyingi za betri za bei ya kawaida pia.

Ukiona unaoruka ni mshale mkuu wa saa, mbele na nyuma, huku dakika na sekunde zinaendelea kwenda na wa nne haujatikisika, hiyo ni ya msafiri. Ukitua Dubai unaurusha mbele mara moja, basi umemaliza. Ukivuka saa sita ya usiku na tarehe inafuata, hata ukirudi nyuma. Mashine ya namna hii ni ngumu zaidi kutengeneza. Hizo GMT-Master za mwanzo hazikuwa nayo: mshale wa nne ulifungamana na mshale mkuu, na rubani alikuwa anazungusha pete kupata saa ya pili. Ilipofika miaka ya 1980 ndipo Rolex wakautenganisha mshale mkuu ukawa unaruka peke yake.

Sasa jiulize. Mama aliyeko Wete, mtoto mmoja London, mmoja Muscat, yeye mwenyewe safari yake ni Mkoani na Unguja: ya nini alipe ziada kwa kitu kinachorahisisha kushuka kwenye ndege? Na baharia au mfanyabiashara wa Guangzhou, huyo nitamwambia atafute ya msafiri hata kama itabidi ajinyime kidogo, maana ya mkaaji itamlazimisha kusimamisha na kupanga upya mishale yote kila anapotua, na sekunde zake zinapotea.

Baharia_Mstaafu

Wanangu, nimesoma kwa furaha. Nimetumikia meli za mizigo miaka mingi na hili la saa mbili kwetu lilikuwa maisha.

Melini kuna saa ya meli na kuna saa ya Greenwich, siku hizi wanaandika UTC. Saa ya meli inafuata jua. Mkielekea mashariki, usiku mmoja mnaambiwa saa zinasogezwa mbele. Mkielekea magharibi zinarudishwa nyuma. Ili zamu moja isionewe, saa nzima huweza kugawiwa, dakika 20 kwa kila zamu kwenye zamu tatu. Kwa siku kadhaa mwili haujui umelala saa ngapi. UTC haiguswi. Ratiba ya redio, taarifa za hali ya hewa, hesabu za mahali meli ilipo, zote kwa UTC.

Kwa hiyo mie mshale wa nne sikuupa mji wowote. Niliuweka UTC ukabaki hapo, iwe nipo Mombasa, iwe nipo Singapore. Hapa kwetu ukitoa saa 3 kwenye saa ya ukutani ya kizungu umeshaipata UTC. Na nyumbani ndiko nilikokuwa nakupata kwa kuongeza 3. Nyumbani hakubadiliki, Afrika Mashariki yetu haina mchezo wa kusogeza saa kiangazi. Ni jambo dogo lakini ukiwa mbali linatuliza.

Tiketi_Malindi

Maashaallah mzee wetu, shukurani. Hili la UTC linanifungulia mlango wa pete, maana wengi wanadhani ni pambo.

Mshale wa nne ukiwa UTC, pete inakupa saa ya tatu bila kugusa mashine. Kuizungusha kushoto unaongeza saa, kuizungusha kulia unapunguza. Kila alama moja ni saa moja. Nataka Muscat, ambayo iko UTC na 4: naipeleka pete kushoto alama nne, kisha nasoma mshale wa nne unapogusa pete. Nataka Toronto ya Januari, UTC kutoa 5: naipeleka kulia alama tano. Nikimaliza nairudisha pete, pembetatu yake iwe juu kwenye 12. Ukiiacha imepinda, kesho yake utaisoma Muscat ukidhani ni Greenwich.

Kwa saa zenye namba 1 mpaka 24 juu ya uso na pia juu ya pete, unasoma zote mbili kwa pamoja: usoni UTC, kwenye pete mji wako, na mishale mikuu ni Unguja. Majira matatu kwa mtazamo mmoja.

Mwinyi_wa_Bububu

Nina wazo jengine. Kwa nini mshale wa nne tusiupe saa ya Kiswahili? Sisi ndio hasa tuna majira mawili hapa hapa bila kupanda ndege. Ofisini wanaandika 14:00, nyumbani ni saa 8. Mshale mmoja kizungu, mmoja Kiswahili, mambo yamekwisha.

Tiketi_Malindi

Bwana Mwinyi, wazo lako lina mantiki na nimelifikiria, lakini sikubaliani nalo, na sababu ni mbili.

Ya kwanza, ule mshale unasoma mpaka 24. Ukiurudisha nyuma saa 6, asubuhi saa 7 za kizungu utaonesha 1, sawa kabisa. Jioni saa 7 za kizungu utaonesha 13. Hakuna mtu Unguja anayesema saa 13, ni saa 1 usiku. Kwa hiyo nusu ya siku unabaki unapiga hesabu ile ile uliyotaka kuikimbia.

Ya pili, saa ya Kiswahili umeshapewa bure kwenye saa yoyote yenye mishale. Tofauti ni saa 6, na saa 6 ni nusu ya uso. Kwa hiyo saa ya Kiswahili ipo mkabala na ncha ya mshale wa saa, kwenye mkia wake. Mshale uko kwenye 7, mkia unatazama 1. Uko kwenye 10, mkia unatazama 4. Uko kwenye 2, mkia unatazama 8. Baadhi ya saa zina mkia mrefu kabisa uliotokeza upande wa pili na mtu anausoma moja kwa moja. Watoto wa skuli wafundisheni hivi, hawatahangaika tena.

Mshale wa nne ni mali. Uupe mtu aliye mbali.

Mwinyi_wa_Bububu

La mkia sikuwahi kulitazama hivyo. Nimeitoa ya ukutani sasa hivi nikaijaribu. Nimekubali.

BintiWete

Na ile pete ya rangi mbili, nusu buluu nusu nyekundu? Ile ina maana au ni urembo?

Tiketi_Malindi

Ina maana, na nathubutu kusema inamfaa mtu wa kwetu kuliko Mzungu aliyeibuni. Rangi moja inaanzia 6 mpaka 18, nyengine inaanzia 18 mpaka 6. Mchana na usiku. Sasa London mwezi wa Disemba jua linazama kabla hata ya 16:00, na mwezi wa Juni bado liko juu saa 21:00. Ile mipaka ya rangi inasema kweli kwao siku chache tu za mwaka, mwezi wa Machi.

Sisi tupo nyuzi 5 na 6 kusini mwa ikweta. Magharibi yetu inazunguka kati ya saa 12 na dakika 10 hivi na saa 12 na dakika 50, mwaka mzima. Jua linachomoza karibu na saa 12 asubuhi au baada yake kidogo, mwaka mzima. Rangi inapobadilika kwenye pete, nje nako kunabadilika. Mipaka yenyewe ni saa 12 zetu mbili, ya asubuhi na ya jioni, pale pale hesabu yetu inapoanzia. Mshale ukiwa upande wa buluu, huko ni usiku, usipige simu.

Mtaona kwamba jua letu huchelewa kidogo kuliko saa. Sababu ni kwamba tunatumia saa ya longitudo 45, na Mji Mkongwe upo karibu na nyuzi 39 na nukta 2. Kila nyuzi moja ni dakika 4 za jua, basi tofauti ni kama dakika 23. Ndiyo maana adhuhuri yetu haiingii saa 6 kamili. Kwa wastani jua linapinduka saa 6 na dakika 23 hivi, Novemba linawahi, Februari linachelewa.

Ustadh_wa_Mtambwe

Hapo kwenye jua nimependa, na naongeza jambo ambalo watu wa Pemba watalifurahia. Makka na Pemba zipo karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo. Kaaba ipo nyuzi 39 na nukta 83, Chake Chake ni nyuzi 39 na nukta 77 hivi. Na saa ya Saudia ni sawa na yetu, UTC na 3. Kwa hiyo jua linapopinduka Makka, linapinduka Pemba ndani ya dakika hiyo hiyo. Adhuhuri ya Pemba na adhuhuri ya Makka ni moja. Magharibi na alfajiri zinatofautiana, kwa sababu wao wako nyuzi 21 kaskazini na sisi tuko kusini, siku zao za kiangazi zinarefuka.

Anayekwenda Umra asiguse saa yake kabisa. Kuna mahujaji kila mwaka wanapitia Dubai, wanasogeza mbele saa moja pale, kisha wanasahau kuirudisha Jedda.

Tiketi_Malindi

Allah akuzidishie ustadh. Doha na Istanbul pia ni sawa na sisi, mwaka mzima. Muscat na Dubai ni saa moja mbele, mwaka mzima. Hii ndiyo miji ninayoikatia tiketi zaidi na haihitaji kumbukumbu yoyote.

Na kwa kuwa tumefika kwenye tiketi: saa iliyoandikwa kwenye tiketi siku zote ni ya mahali husika. Ya kuondoka ni ya unapoondokea, ya kufika ni ya unapofikia. Ukiona alama ya +1 pembeni ya saa ya kufika, maana yake unafika tarehe ya kesho yake. Ndege ya 00:40 ya tarehe 15 inakutaka uwanjani usiku wa tarehe 14, baada ya isha. Hapa ndipo familia zinapokosa ndege: wanasoma tarehe 15, wanalala, wanaamka tarehe 15 asubuhi wakitayarisha mabegi, ndege imeshatua inakokwenda. Mimi wateja wangu nawaandikia kwa kalamu juu ya karatasi, "usiku wa kuamkia tarehe 15, saa 6 na dakika 40", na saa ya kufika uwanjani naiandika kwa Kiswahili pia.

Fundi_Mkunazini

Niongeze ya benchi. Nafungua saa hizi kila wiki na nyingi zinaharibika kwa sababu zinazozuilika.

Kwanza tarehe. Saa za mashine, hasa hizi za mkaaji, ukivuta kifungo hatua moja, upande mmoja unabadilisha tarehe, upande wa pili unasogeza mshale wa nne. Kijitabu kinakataza kubadilisha tarehe kuanzia saa 9 ya usiku mpaka saa 3 ya alfajiri, na hizo ni za kizungu. Kwetu ni saa 3 usiku mpaka saa 9 usiku, namba zimepishana kabisa, na nimeletewa saa ambazo mwenyewe alifuata kijitabu kwa hesabu ya Kiswahili. Muda huo meno ya kugeuza tarehe yameshashikana. Ukilazimisha, jino linakatika. Dawa yake nyepesi: kabla ya kugusa tarehe shusha mishale mpaka 6 na nusu, badilisha tarehe, ndipo upange saa.

Pili, watu wanaupanga mshale wa nne kinyume, usiku unakuwa mchana. Endesha mishale mbele taratibu mpaka uone tarehe inaruka. Hapo ndipo saa 6 usiku ya saa yako. Ukitoka hapo, hesabu vizuri, kisha ndiyo umpeleke huyo wa nne.

Tatu, chumvi. Saa iliyoandikwa mita 30 si ya kuogelea, ni ya kurushiwa maji wakati wa kutawadha na kadhalika. Ile ya kuogelea nayo, ukitoka baharini ioshe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Na kila ikifunguliwa kubadilishwa betri, dai raba ya ndani itazamwe, ibadilishwe ikiwa imekauka. Ukiona ukungu ndani ya kioo, siku hiyo hiyo ilete. Ukisubiri wiki, mashine imeshapata kutu.

KijanaWaChake

Fundi, na zile za Casio za namba zenye ramani ya dunia? Hizo ndizo tunazozimudu sisi.

Fundi_Mkunazini

AE-1200. Ukiipata ya kweli, ni saa nzuri sana kwa bei yake. Inachukua miji minne kwa pamoja, na orodha yake ina miji 48. Zanzibar haimo, wala Dar. Tafuta JED, ile ni Jedda, saa yake ndiyo yetu. Muscat tumia DXB, yaani Dubai. Kampuni inasema betri inakaa miaka 10. Zingatia kwamba saa ya kiangazi ya Ulaya unaiwasha na kuizima mwenyewe kwa kila mji, haijui tarehe za kubadilisha.

Tiketi_Malindi

Naunga mkono. Na zile zenye majina ya miji yaliyozunguka uso mzima, miji 24, asili yake ni fundi wa Geneva aitwaye Louis Cottier, mwaka 1931. Ndani yake kuna duara la saa 24 linalozunguka lenyewe, unasoma mji wowote bila kugusa kitu. Ni nzuri mno kuzitazama. Nafasi yetu huandikwa Moscow, Riyadh au Nairobi. Ukinunua ya mtumba jihadhari na Moscow: kati ya 2011 na Oktoba 2014 Urusi iliisogeza Moscow ikawa UTC na 4, kisha ikairudisha 3. Saa ya miaka ile inaweza kukupa jibu la zamani.

Saa janja sizizungumzii hapa, zinafuata simu, na simu tumeshaimaliza.

Msafiri_wa_Mumbai

Dada, mie mzigo wangu unatoka India. Wao wana nusu saa. Mshale wa nne nausomaje?

Tiketi_Malindi

India ni UTC na saa 5 na nusu, yaani mbele yetu kwa saa 2 na nusu. Mshale wa nne kwenye saa nyingi unaruka saa nzima nzima, hauna nusu. Uweke mbele yetu saa 2, kisha kila ukisoma ongeza dakika 30. Hapa ni 10:15, mshale wa nne umeipita 12 kidogo, dakika 15, ongeza 30, Mumbai ni 12:45. Ikiwa India ndiyo biashara yako yote, basi ile ya namba ya Casio inakufaa zaidi, ina DEL, yaani Delhi, na nusu yake tayari.

BintiWete

Nimeinunua ile ya mkaaji, ya mama. Kaka yuko Toronto, dada London. Mshale nimeuweka Toronto kama ulivyosema, na mama ameshausoma mwenyewe. Nataka nimwandikie tarehe za kubadilisha kwenye karatasi abandike kabatini. Niandike nini?

Tiketi_Malindi

Hongera, na mpe mama salamu zangu. Andika hivi.

Toronto: Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza mbele, tofauti na sisi inakuwa saa 7. Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha, inakuwa saa 8.

London: Jumapili ya mwisho ya Machi, tofauti inakuwa saa 2. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, inakuwa saa 3.

Muone kwamba tarehe hazilingani. Kuna wiki mbili au tatu za Machi ambapo Toronto imeshahama na London bado, na wiki moja mwishoni mwa Oktoba London imerudi na Toronto bado. Siku nyengine zote kati ya kaka na dada ni saa 5, wiki hizo ni 4. Kwa hiyo asimpate dada kwa kuongeza 5 juu ya Toronto mwaka mzima. London aitoe hapa hapa nyumbani, 2 au 3 kwa msimu.

Siku ya kubadilisha, avute kifungo hatua moja, aruke alama moja mbele Machi, Novemba alama moja nyuma. Kama yenu inaruka upande mmoja tu, azungushe alama 23 mpaka ifike, haina madhara. Ila afanye asubuhi baada ya chai, si saa zile alizozitaja Fundi. Na mkubaliane na kaka na dada kwamba mkiambizana "nipigie saa 2 usiku", ni saa 2 ya Wete.

BintiWete

Nimeandika yote. Kaka anasema yeye atafuata ya Wete, dada naye kakubali. Ahsanteni sana.

Msafiri_wa_Mumbai

Fundi, kesho utakuwepo kibandani? Nina moja ya mtumba, mshale wa nne umeganda.

Fundi_Mkunazini

Nipo kuanzia saa 3 asubuhi mpaka adhuhuri. Usiulazimishe kuuzungusha kabla hujafika.